Mjomba wa Chumba cha Eksirei

Misa ya asubuhi imeshatoka na ukungu bado umelala juu ya migomba. Nyuma ya nyumba yake, katika kijiji kilicho milimani juu ya Mkuyuni, mkoani Morogoro, Thobias Lukwele anasugua ubao kwa msasa. Amefunga kipande cha msasa kwenye kiganja cha mkono wa kulia kwa utepe wa kanga, na anausukuma kwa nguvu ya bega. Kila baada ya muda mfupi anasimama, anafumba macho, anasubiri maumivu yapite.

Mkono huo umezungushiwa bandeji hadi juu ya kifundo. Unatoa harufu, naye anajua, ndiyo maana amekaa mahali ambapo upepo hautaipeleka kwa mgeni. Mkono wa kushoto umebaki na gumba na kidole cha mwisho tu. Hivyo viwili ndivyo vinavyoushikilia ubao usiteleze.

Anachotengeneza ni kiti cha mtoto. Ni cha mbao za mfenesi, kina mgongo mrefu na mikanda ya kitambaa ya kufunga kifua na mikono.

"Hapa mgongoni sijaweka msumari hata mmoja, ni gundi na vijiti tu," anasema. "Msumari ukikaa hapa utatokea kwenye picha. Daktari atasema mtoto kameza msumari, wampasue bure."

Anacheka mwenyewe, kisha anarudi kwenye msasa. Ana haraka. Pasaka ikipita, mkono huu wa kulia utakatwa kwenye kifundo. Madaktari wa mjini walitaka ukatwe kabla ya Kwaresima, yeye akaomba apewe muda amalize kiti. Walimkatalia, wakamweleza kwamba saratani haina subira ya fundi, na mwishowe wakakubali shingo upande.

Ndugu zake walimwona amechanganyikiwa. Mwandishi wa makala haya naye alifika kijijini na mawazo hayohayo.

Thobias, mwenye umri wa miaka 61, hakusomea useremala wala eksirei. Alianza kama mfagizi katika hospitali ndogo ya misheni ambayo yeye mwenyewe ameomba jina lake lisiandikwe, kwa sababu, anasema, ndiyo hospitali pekee waliyonayo. Fundi wa eksirei wa wakati ule alimwona ana nguvu na ana upole, akamwita chumbani amsaidie kubeba wagonjwa. Kutoka kubeba akaja kushika.

Mashine ilikuwa ya msaada, ya zamani, na umeme wa kule juu ulikuwa dhaifu. Ilichukua muda kupiga picha moja. Mtu mzima anaambiwa avute pumzi, aibane, atulie. Mtoto wa miaka mitatu mwenye homa huwezi kumwambia hivyo. Akitikisika, picha inatoka na ukungu, na inabidi irudiwe.

Kwa hiyo mtoto alihitaji kushikwa. Swali lilikuwa nani amshike.

Katika milima hii mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na jambo zito likimfika, mwenye kauli ni mjomba. Akina mama wengi waliofika walikuwa na mimba au walihisi wanayo, hivyo hawakuruhusiwa kuingia. Akina baba walisita, wakasema mpaka mjomba aitwe. Mjomba yuko shambani, mlima wa pili, na mtoto anahema.

"Basi siku moja mama mmoja akaniambia, 'Wewe ndiye mjomba wake leo, ingia umshike,'" anakumbuka Thobias. "Nikaingia. Kesho yake akaja mwingine, naye akaniita mjomba. Likawa ndilo jina langu. Mpaka leo nikipita sokoni Mkuyuni, mtu mzima na ndevu zake ananiambia shikamoo mjomba, na mimi simjui."

Alishika watoto kwa miaka ishirini na mitatu.

Glavu zilikuwepo. Hili lisemwe wazi, maana hospitali nayo inalisema kwanza kila inapoulizwa. Zilikuwa jozi moja ya glavu nene za madini ya risasi yanayozuia mionzi, ngumu, zinazofika kwenye kiwiko, na Thobias alionyeshwa jinsi ya kuzivaa. Alizivaa wiki za mwanzo.

"Mtoto akiziona alikuwa anapiga kelele mpaka anatapika," anasema. "Mikono mikubwa, migumu, inakuja kumkamata. Anajirusha, picha inaharibika, inarudiwa mara tatu, mara nne. Nikazivua. Nikamshika na mikono yangu, akatulia. Mjomba gani anamshika mpwa wake na glavu?"

Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa la upendo. Hakuna aliyemkemea, kwa kuwa picha zilianza kutoka safi na foleni ikawa inakwenda. Aproni ya risasi aliivaa kifuani. Mikono ikabaki wazi katikati ya mionzi, siku baada ya siku, kwa ujira ambao hata mwaka aliostaafu haukufika laki mbili kwa mwezi.

Kucha ndizo zilizotangulia. Zilikauka, zikapasuka, zikawa zinang'oka anapovuna mdalasini wake. Kisha ngozi ikawa nyembamba na ya kung'aa, ikaota vidonda visivyofunga. Aliambiwa ni fangasi, akapaka dawa ya fangasi. Aliambiwa ni aleji ya sabuni, akaacha sabuni.

Kijijini nako maneno hayakukosekana. Walisema mtu anayetazama mifupa ya watu walio hai lazima alipie. Mke wake, Regina, aliyefariki miaka sita iliyopita, alihangaika naye kwa waganga hadi kijiji cha Kolero bila mafanikio. Alikufa akiamini mume wake amerogwa na jirani.

"Hilo ndilo linaloniuma kuliko mkono," anasema Thobias. "Alikufa anamchukia jirani yetu bure."

Vidole vya kushoto vilikatwa kimoja kimoja. Kidole cha shahada cha kulia kikafuata. Daktari aliyemfanyia upasuaji wa mwisho, ambaye hakutaka kutajwa kwa kuwa si msemaji, anasema hawezi kuapa kwamba kila kidonda kimetokana na mionzi. "Lakini nikiona mikono ya namna hii, kwa mtu aliyefanya kazi ile kwa miaka ile, sina sababu ya kutafuta mchawi," anasema.

Fidia hajapata. Msimamizi mmoja wa hospitali alijibu kwa simu kwa sentensi mbili: "Glavu zilikuwepo. Hakuzivaa." Alipoulizwa kama kuna yeyote aliyewahi kumwambia Thobias azivae tena, simu ilikuwa imeshakatwa.

Thobias alipoelezwa jibu hilo hakukasirika, na ukweli ni kwamba mwandishi alikasirika kwa niaba yake. "Si uongo," alisema. "Zilikuwepo."

Mabadiliko yalikuja mwaka jana, siku Glory Yohana alipopanda mlimani kumsalimia.

Glory anafundisha fizikia chuo kikuu, katika kampasi ya Mazimbu, mjini Morogoro. Alizaliwa kijiji cha jirani na Thobias. Akiwa na miaka mitano alianguka kutoka kwenye mfenesi, akavunjika mkono juu ya kiwiko, na aliyemshika kwenye eksirei ni mjomba. Anasema uso wake ulikuwa umemtoka akilini, lakini mikono yake anaikumbuka, kwa sababu ilinukia mdalasini.

"Nilimpa mkono kumwamkia, akanipa kiwiko," anasema Glory ofisini kwake, akiangalia pembeni. "Nikatazama chini. Nilijua palepale ni nini. Mimi kazi yangu ni eksirei."

Eksirei za Glory si za hospitali. Kwa miaka miwili alisoma Ulaya, kwenye maabara yenye mashine ya kutengeneza mapigo mafupi mno ya eksirei. Siku ile, alipomaliza kuililia mikono ya mzee, alimweleza Thobias habari za mashine hiyo, maana alimuuliza amesomea nini, na asingeweza kumdanganya.

Chembe za umeme, alimweleza, zinasukumwa ndani ya bomba refu lililo chini ya ardhi, bomba la mwendo wa kilomita na zaidi, mpaka zinakaribia kasi ya mwanga. Kisha zinapitishwa katikati ya safu mbili za sumaku zilizopangwa kwa kupishana, kaskazini, kusini, kaskazini, kusini. Zinapopita hapo haziendi moja kwa moja. Zinapinda huku na huku, kama mtu anayeteremka mlima mkali kwa njia ya kona kona, na kila zinapopinda zinatoa eksirei.

"Mwanzoni kila chembe inaangaza kivyake, kama kwaya ambayo haijafanya mazoezi," anasema Glory. "Lakini ule mwanga wenyewe unazipanga chembe, zinakaa mistari mistari, zinaanza kuangaza kwa pamoja. Hapo ndipo nguvu inapotoka. Pigo moja ni kali kuliko kitu chochote tulichonacho hospitalini, na ni fupi kupita kiasi."

Ufupi wenyewe ni huu: chukua sekunde moja uigawe vipande milioni. Kipande kimoja ukigawe tena vipande milioni. Kimoja kati ya hivyo ukigawe mara elfu. Pigo la mashine ile huweza kudumu makumi machache tu ya hivyo vidogo vya mwisho. Katika muda huo hakuna kinachowahi kutikisika, hata chembe ndani ya dawa au ndani ya protini ya kijidudu. Kile kinachopigwa kinasambaratika kwa ukali wa pigo, ila picha yake inakuwa imeshapatikana kabla hakijasambaratika.

Thobias alisikiliza yote hayo, kisha akauliza swali ambalo Glory hakulitegemea.

"Nani anashika?"

Hakuna anayeshika, Glory alimjibu. Kinachopigwa picha kinapitishwa kwa mchirizi mwembamba wa maji, na watu wote wako nje, nyuma ya ukuta mnene wa zege. Kabla ya kuwasha, watu maalumu wanatembea eneo lote la mashine kwa miguu, wanachungulia kila kona, wanafunga mlango mmoja baada ya mwingine. Mlango mmoja ukifunguliwa, mashine inazimika yenyewe. Mtu mmoja akijulikana yuko ndani, haiwaki.

"Akaniuliza, 'Hata kama watu wengi wanasubiri?' Nikamwambia hata kama wanasubiri mia tatu, wametoka nchi ishirini," anasimulia Glory. "Halafu akaniuliza, 'Hata kama aliye ndani ni mfagizi?' Nikamwambia hata kama ni mfagizi, mjomba."

Thobias anasema hakuwahi kulia kwa sababu ya vidole. Siku ile alilia.

"Mashine ya gharama hiyo, inaweza kusimamishwa na mtu mmoja," anasema, akipuliza vumbi la mbao kutoka kwenye ubao. "Mimi nilikuwa nadhani mwenye makosa ni yule anayesimamisha kazi. Kumbe wenzetu wamejenga kabisa mashine ya kumsubiri mtu atoke."

Kesho yake alikwenda kumwona Scholastika, mpwa wake wa damu, mtoto wa dada yake, ambaye sasa ndiye fundi wa eksirei katika hospitali ileile. Mashine imebadilishwa na hii ya sasa ina kasi zaidi, lakini watoto bado wanatikisika, na akina mama bado wanauliza mjomba yuko wapi. Thobias alimkuta Scholastika amemshika mtoto, na mhudumu mwingine ndiye anayebonyeza kitufe. Scholastika alikuwa amevaa aproni. Glavu zilikuwa zimetundikwa ukutani, zilezile.

"Nilimuuliza kwa nini hajavaa," anasema Thobias. "Akaniambia, 'Mjomba, watoto wanaziogopa.' Neno kwa neno. Mimi ndiye niliyemwombea kazi pale."

Alimsimulia habari za mashine isiyowaka mtu akiwa ndani, na siku hiyohiyo akaangusha mfenesi mzee uliokuwa nyuma ya nyumba.

Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kuvimba. Angeweza kumpa kazi seremala wa Mkuyuni, na ndugu zake walijitolea kuchanga. Alikataa. Anasema seremala hajui mtoto anajikunja vipi akiogopa, anainua bega lipi, anateleza upande gani. Yeye anajua kwa mikono, na mikono ndiyo hiyo inaondoka.

Kuchelewa huko kunaweza kumgharimu zaidi ya kifundo. Kwapa lake limeanza kuota uvimbe. Alipoulizwa kama haogopi, alijibu upesi, "Naogopa sana," na akaendelea na msasa.

Kufikia mchana kiti kimekwisha. Vijana wawili wa jirani wanakibeba kichwani hadi hospitalini, Thobias nyuma yao, mkono ameuning'iniza shingoni kwa kanga ya marehemu mke wake. Njiani anagundua kuwa mwandishi ni Mnyamwezi, na Waluguru kama yeye ni watani wa Wanyamwezi, wa kutaniana na kuzikana. Uso wake unachangamka kwa mara ya kwanza.

"Hapo sawa!" anasema. "Mkono wangu ukikatwa, kuuzika ni kazi yako. Sisi tumekaa hapa tunasumbuka na majembe, kumbe mzikaji kaja na gari!"

Kwenye benchi la eksirei amekaa Zuleha na mwanawe Abasi, wa miaka minne, anayekohoa kwa wiki kadhaa. Daktari anataka kuona mapafu yake. Zuleha anapomwona Thobias anapumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Shikamoo mjomba. Afadhali umekuja. Utamshika?"

"Marahaba. Leo kiti kitamshika."

Abasi anakalishwa. Mgongo wa kiti unakaa sawasawa na kibao cha picha. Mikanda ya kanga inapita kifuani, mikono inainuliwa juu na kufungwa taratibu. Mtoto anavumilia mpaka anapoona watu wote wanaelekea mlangoni. Hapo anaanza kulia kwa sauti ya juu, na macho yake yanamtafuta mtu mmoja.

"Mjomba! Mjomba!"

Zuleha, akiwa mlangoni, naye analia. "Mshike kidogo tu, mjomba. Mara moja tu."

Thobias anageuka. Kabla mtu hajasema neno ameshafika kwenye kiti, na mkono wenye bandeji uko juu ya bega la mtoto. Abasi ananyamaza palepale. Chumba kizima kinatulia. Picha ingetoka safi kabisa.

Nyuma ya ukuta, kwenye dirisha dogo la kioo, Scholastika ametoa mkono kwenye kitufe na kuuweka kichwani.

"Mjomba, toka."

"Piga tu, ametulia."

"Sipigi."

"Scholastika, mtoto anateseka."

"Kuna mtu ndani, mjomba," anasema Scholastika. "Haiwaki."

Katika ukoo, mpwa hamwamrishi mjomba wake, na wote waliopo wanalijua hilo. Kisha Thobias anaondoa mkono kwenye bega la mtoto, anatoka na kufunga mlango. Abasi anaanza kupiga kelele upya. Thobias anasimama nje ameegemea ukuta, anasikiliza, machozi yanamtoka, anayafuta kwa bega.

Kilio kinaendelea, lakini kiti kimeshika. Mtoto hawezi kujikunja, hawezi kuteleza. Scholastika anasubiri Abasi avute pumzi ya kilio kingine, na hapo anabonyeza. Mara moja tu. Picha inatoka, na mbavu zote zinahesabika. Pafu la kulia lina weupe upande wa chini, na daktari anasema ni kitu kinachotibika.

Abasi anapofunguliwa anakwenda moja kwa moja kwa mama yake. Anapita mbele ya Thobias bila kumwangalia.

"Kakununia, mjomba," anasema Zuleha kwa aibu.

"Mwache anune," anasema Thobias. Anamfuata kwa macho mpaka anapotea kwenye kona ya wodi. "Wangeninunia wote, ningekuwa na vidole vyangu."

Scholastika ameziondoa glavu ukutani. Anasema kuanzia sasa hakuna mtu atakayeingia kushika, na mama atakayedai mjomba ataonyeshwa kiti. Hana uhakika kama wakubwa wake watamuunga mkono siku foleni itakaporefuka. Glory ameahidi kuleta wanafunzi wake kutoka Mazimbu waje kupima mionzi ndani ya chumba, jambo ambalo Thobias hakuwahi kuliona likifanyika.

Jioni, Thobias anamwonyesha mwandishi kisiki cha mfenesi nyuma ya nyumba. Chini yake ndipo alipozika vidole vyake, kila kimoja kwa wakati wake, na pembeni yake pameachwa nafasi. Mbao zilizobaki ameziegemeza ukutani, amezifunika kwa turubai zisilowe na mvua za masika.

Ana mpango nazo. Kiti cha leo kinafaa watoto wa miaka mitatu na kuendelea, na wachanga bado hawana cha kwao. Ameanza kujaribu msumeno kwa gumba na kidole kimoja cha kushoto. Unakwenda kombo, anasema, lakini unakwenda.

"Basi, mtani, utakapokuja usichimbe shimo kubwa ukaniharibia uwanja," anasema, akipima ardhi kwa unyayo. "Chimba la mkono tu. Mimi mwenyewe bado nina kiti cha kumalizia."